Programu Ikifa, Ushahidi Ubaki

Hotuba kwa wahandisi wa programu na wasimamizi wa seva, Kisumu

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu wa vyuo vikuu, wahandisi wenzangu, wasimamizi wa seva mliosafiri kutoka Nakuru, Kakamega, Eldoret na Busia, na nyinyi wanafunzi ambao karibuni mtakabidhiwa mashine hizi mzitunze: hamjamboni.

Nimeombwa nizungumze kuhusu seva zinazoanguka. Ndani ya mada hiyo pana nimechagua jambo moja, nalo ni yale yanayotokea kati ya wakati programu inapopata hitilafu isiyoweza kuvumilika na wakati inapowashwa tena. Muda huo huwa mfupi, pengine sekunde chache, lakini ndimo ushahidi wote wa kosa unamopatikana, na katika ofisi zetu nyingi ndimo unamopotezwa. Desturi iliyoota mizizi, nami naisema kwa uchungu, ni kwamba seva ikifa mtu huiwasha upya, wateja hurudi kwenye shughuli zao, na kufikia jioni hakuna anayeweza kueleza ilikufa kwa nini. Wiki inayofuata inakufa tena, saa ileile, kwa sababu ileile. Gari lililopinduka pale Salgaa halipaswi kuondolewa kabla polisi hawajapima na kuandika. Sisi tunaliinua, tunalifuta vumbi na kulirudisha barabarani bila hata kuuliza kama lilikuwa na breki.

Jambo la kwanza ni kujua seva imekufa kifo cha aina gani. Kwa kuwa stima hupotea katika maeneo yetu, lawama zote huelekezwa huko, na mara nyingine kweli ni stima. Lakini mashine iliyokatiwa umeme huacha logi, yaani daftari lake la matukio, iliyokatika ghafla na mfumo mzima huanza upya, ilhali programu iliyokufa peke yake huiacha mashine ikiwa hai na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ikiwa na la kusema. Katika Linux, mfumo wa uendeshaji ambao ndio unaoendesha seva nyingi tunazozisimamia, programu inapogusa sehemu ya kumbukumbu ambayo haikupewa, kichakataji hukataa na kuiarifu kerneli, nayo kerneli huitumia programu hiyo ishara (ujumbe mfupi wenye namba) namba 11, inayoandikwa SIGSEGV. Ishara namba 6, SIGABRT, kwa kawaida programu hujitumia yenyewe, pale inapogundua kwamba hali yake ya ndani imepotoka, au pale maktaba ya lugha ya C, yaani mkusanyiko wa msimbo unaotumiwa na programu nyingi, inapoona kwamba kumbukumbu imeharibiwa. Ishara hizi, zisiposhughulikiwa na programu yenyewe, huiua na kuifanya kerneli iandike taswira ya kumbukumbu yake kama ilivyokuwa wakati huo, iwapo mfumo umeruhusu. Taswira hiyo ndiyo tunayoiita kodampu.

Ishara namba 9 ni tofauti kabisa, kwa maana haiwezi kuzuiwa wala kupokewa na programu, na haiachi kodampu yoyote. Kerneli huituma pale kumbukumbu ya mashine inapokwisha na mchakato mmoja ukawa hauna budi kutolewa ili mingine iishi. Ukiiendesha programu kwenye sheli, yaani pale unapoandikia amri, namba ya kutokea (inayoeleza programu imeishaje) utakayoipata ni 128 ikijumlishwa na namba ya ishara: 139 kwa ishara namba 11, 134 kwa namba 6, na 137 kwa namba 9. Ningependa kila msimamizi aliyeketi hapa azijue namba hizo tatu kwa moyo, kwa sababu anayeona 137 hatapoteza asubuhi nzima akitafuta kodampu ambayo haipo. Ataenda moja kwa moja kwenye logi ya kerneli asome ni mchakato upi uliomaliza kumbukumbu.

Sasa nije kwenye kishawishi ambacho kimetuharibia kazi nyingi. Mwandishi wa programu anaruhusiwa kuandika kitendakazi, yaani kipande cha msimbo chenye kazi moja, cha kuipokea ishara namba 11, na nimesoma misimbo ambamo kitendakazi hicho kinafungua faili ya logi, kinaandika sentensi ndefu yenye tarehe na jina la mtumiaji, kinatuma barua pepe kwa meneja, kisha kinajaribu kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nia ni njema. Lakini fikirini ishara ile imefika wakati gani. Huenda imefika programu ikiwa katikati ya kuomba kumbukumbu kupitia malloc, na kufuli la ndani la malloc likiwa limefungwa. Kitendakazi cha kuandika sentensi, yaani printf na jamaa zake, nacho huweza kuhitaji malloc ileile. Kitakuta kufuli limefungwa, na aliyelifunga ni uzi (mfuatano mmoja wa utekelezaji ndani ya programu) uleule unaolisubiri, kwa hiyo kitasubiri milele. Seva iliyokuwa ife mara moja sasa haifi wala haifanyi kazi. Imo kwenye orodha ya michakato, mlango wake wa mtandao uko wazi, kinachosimamia michakato hakioni sababu ya kuiwasha upya, na wateja wanangoja jibu lisilokuja. Kwa maoni yangu hakuna kuanguka kwa seva kubaya kuliko huko.

Ndiyo maana kiwango cha POSIX, kinachofuatwa na mifumo kama Linux, kimeweka orodha ya vitendakazi vinavyoweza kuitwa kwa usalama ndani ya kipokea ishara, na orodha hiyo ni fupi kuliko wengi wanavyodhani: write imo, _exit imo, lakini printf na malloc hazimo. Ushauri wangu ni kwamba kama huna sababu nzito, usiandike kipokea ishara chochote kwa hitilafu hizi. Kama unayo sababu, basi kipokea ishara kiandike maneno machache yaliyotayarishwa mapema kwa kutumia write, kirudishe tabia ya asili ya ishara, kisha kijitumie ishara ileile ili kerneli ifanye kazi yake ya kuiua programu na kuandika kodampu. Na kwa kuwa mojawapo ya sababu za ishara namba 11 ni staki, yaani eneo la kumbukumbu linaloshika kazi za vitendakazi vinavyoendelea, kujaa, kipokea ishara kinahitaji staki yake ya pembeni, inayotayarishwa kwa sigaltstack. Bila hiyo, siku ya staki kujaa hakitapata nafasi ya kuandika hata herufi moja.

Mtu ataniuliza: kwa nini tusijaribu kuendelea, ilhali watu wanategemea huduma? Chukueni mfano wa seva ya chama cha ushirika inayopokea kilo za maziwa yanayopimwa alfajiri huko Molo na Njoro. Kielekezi kimoja, yaani anwani ya mahali katika kumbukumbu, kimepotoka, kumbukumbu imeandikwa mahali pasipo pake, na programu imegundua jambo hilo wakati imegusa ukurasa usio wake. Kabla ya kugundua, iligusa kurasa ngapi zilizo zake kweli lakini zenye habari za mkulima mwingine? Programu haijui, nasi hatujui. Tukiilazimisha kuendelea, inaweza kumwandikia mkulima mmoja kilo za jirani yake, na mwisho wa mwezi hakuna logi itakayoonyesha kosa, kwa kuwa kwa mtazamo wa hifadhidata kila kitu kiliandikwa sawasawa. Seva iliyokufa saa kumi na moja asubuhi italalamikiwa saa kumi na moja na dakika tano. Rekodi ya uongo inaweza kukaa miaka. Mimi nachagua malalamiko.

Walioitengeneza hifadhidata ya PostgreSQL walichagua hivyohivyo, na nawasihi muusome mpango wao kwa makini. Mchakato mmoja kati ya ile inayowahudumia wateja ukifa kwa ishara namba 11, mchakato mkuu hauchukulii kwamba mingine iko salama. Kwa kuwa yote hutumia kumbukumbu moja ya pamoja, na mfu huenda ameiharibu, mchakato mkuu huikatiza yote, huiunda upya kumbukumbu ya pamoja, na kurejesha hali ya data kwa kusoma logi ya mabadiliko iliyoandikwa kwenye diski kabla ya mabadiliko yenyewe. Kila mteja hupoteza muunganisho wake kwa muda, hata yule asiyehusika, na hiyo ndiyo gharama waliyokubali kulipa. Tena baada ya kubainika mwaka 2018 kwamba katika Linux agizo la fsync, la kulazimisha data iandikwe kwenye diski, likishindwa mara moja linaweza kufaulu likirudiwa ingawa data haikufika kwenye diski, walibadilisha msimbo ili PostgreSQL ijiangushe yenyewe kwa makusudi fsync inaposhindwa, badala ya kujaribu tena na kuamini jibu lisiloaminika.

Hata hivyo kufa haraka si dawa ya kila mahali, na mfano ninaourudia kila ninapofundisha jambo hili ni wa roketi ya Ariane 5, iliyorushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 4 Juni 1996. Mfumo wa kupima mwelekeo ulitolewa kwenye Ariane 4 pamoja na programu yake. Ndani yake thamani ya biti 64 yenye desimali iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16. Na kwa kuwa roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo, thamani ile ilizidi kile ambacho biti 16 zinaweza kubeba. Mfumo ulikuwa umeagizwa ujizime ukipata hitilafu ya aina hiyo, nao ukajizima. Kulikuwa na mfumo wa akiba, lakini ulibeba programu ileile, ukapokea vipimo vilevile, na ulikuwa umekwisha kujizima milisekunde 72 kabla ya ule mkuu. Kisha likatokea jambo ambalo sisi watu wa kodampu hatupaswi kulisahau: mfumo uliokuwa unajizima ulitoa taarifa ya uchunguzi wa hitilafu kupitia njia ileile inayobeba vipimo vya safari, na kompyuta kuu ikaisoma taarifa hiyo kama vipimo. Ikaamini kwamba roketi imeenda upande, ikageuza mirija ya injini kwa nguvu zote, na roketi ikavunjika takriban sekunde 40 baada ya mfuatano wa kuruka kuanza.

Kutoka hapo nachukua mambo mawili yanayotuhusu moja kwa moja. Seva ya akiba inayoendesha programu ileile hukukinga dhidi ya diski mbovu au stima iliyopotea, lakini haikukingi dhidi ya ombi ambalo msimbo wako hauwezi kulishughulikia, kwa sababu ombi lililoiua ya kwanza litapelekwa kwa ya pili na kuiua vilevile. Na taarifa za kifo lazima zipite njia yake, zisichanganyike na data ya kazi. Nimekuta programu zinazoandika maelezo ya hitilafu kwenye faili ileile inayosomwa usiku na programu nyingine kama orodha ya miamala. Hilo likomeshwe.

Kufa haraka kunafaa pale tu ambapo kuna wa kukipokea kifo. Joe Armstrong na wenzake katika kampuni ya Ericsson, walipoiunda lugha ya Erlang kwa ajili ya mitambo ya simu, waliliweka wazo hilo katikati ya kazi yao: mchakato mdogo uache ufe, na juu yake kuwe na msimamizi ambaye kazi yake pekee ni kuona kifo na kuanzisha mwingine ukiwa katika hali inayojulikana. Kwetu sisi kazi hiyo hufanywa na systemd, programu ya Linux inayoanzisha na kusimamia huduma, kwa mpangilio wa Restart=on-failure. Lakini ina kikomo ambacho watu hukigundua usiku wa manane: kwa kawaida huduma ikianzishwa mara 5 ndani ya sekunde 10, systemd huacha kujaribu. Wekeni RestartSec, yaani muda wa kusubiri kabla ya kuanzisha upya, ya sekunde kadhaa, na wekeni arifa kwa ajili ya kikomo hicho.

Kuhusu kodampu yenyewe, maandalizi hufanywa kabla ya siku ya shida, kwa kuwa siku yenyewe huwa umechelewa. Mifumo mingi huja ikiwa na kikomo cha ukubwa wa kodampu cha sifuri, na amri ya ulimit -c itakuonyesha hivyo. Kwa huduma inayoendeshwa na systemd, kikomo huwekwa kwa LimitCORE. Faili ya /proc/sys/kernel/core_pattern ndiyo inayosema taswira iandikwe wapi, au ipitishwe kwa programu gani, na pale systemd-coredump inapotumika, taswira hubanwa na kuwekwa chini ya /var/lib/systemd/coredump, na coredumpctl huziorodhesha. Wanaotumia kontena, yaani programu zilizofungiwa katika mazingira yake ndani ya mashine moja, wazingatie kwamba core_pattern ni ya kerneli nzima ya mashine mwenyeji, si ya kila kontena, na kwamba faili iliyoandikwa ndani ya kontena hutoweka pamoja nalo kontena likifutwa. Zingatieni pia ukubwa. Programu yenye gigabaiti kadhaa za kumbukumbu inaweza kuacha faili ya gigabaiti kadhaa, na mchakato hauondoki kabisa mpaka uandishi ukamilike. Seva inayokufa kila dakika, isipowekewa kikomo cha nafasi, itajaza diski na kuiangusha hifadhidata iliyokuwa mzima. Kodampu zipewe sehemu yake ya diski.

Maandalizi mengine, nayo ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote, ni kuhifadhi alama za utatuzi, yaani maelezo yanayounganisha programu iliyojengwa na mistari ya msimbo wake. Programu inapojengwa bila chaguo la -g, au inapoondolewa alama hizo ili iwe nyepesi, gdb, programu ya kusomea kodampu, haiwezi kukuonyesha mstari wa msimbo, na mara nyingi hata jina la kitendakazi hulikosa, ikaonyesha alama mbili za kuuliza. Hakuna ulazima wa kuzibeba alama hizo kwenye seva ya kazi: zitenganishwe wakati wa kujenga na kuhifadhiwa mahali salama, kila toleo na zake, kwa kuwa kitambulisho cha ujenzi kilichomo ndani ya programu ndicho kitakachozilinganisha. Alama za toleo la juzi haziaminiki kwa kodampu ya toleo la leo, hata kama mabadiliko yalikuwa ya mstari mmoja.

Faili ikishapatikana, isomwe na mtu mwenye subira. Amri ya bt itakuonyesha mlolongo wa vitendakazi vya uzi uliokufa, lakini nawasihi msiishie hapo. Tumieni thread apply all bt muone nyuzi zote, kwa sababu uzi uliokufa si lazima uwe ndio wenye kosa. Anwani iliyo karibu na sifuri mara nyingi huonyesha kielekezi kitupu, na kosa hilo ni rahisi. Kilicho kigumu ni kifo kinachotokea ndani ya malloc au free, ambapo msomaji asiye na uzoefu huilaumu maktaba ya C. Maktaba hiyo imekuta tu uharibifu uliofanywa zamani, pengine dakika kumi kabla, na msimbo ulioandika nje ya mipaka yake au uliotumia kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Hapo kodampu itakuambia ni data gani iliyoharibiwa, na mara nyingine maandishi yaliyofunika mahali pasipo pake yatakutajia mwenyewe yalikotoka. Kisha utaijenga programu upya kwa AddressSanitizer, chombo cha kunasa matumizi mabaya ya kumbukumbu, uiweke kwenye seva ya majaribio, uilishe maombi yaleyale, nayo itasimama palepale uharibifu unapoanza.

Wanaoandika kwa lugha nyingine wana vyombo vyao. Java huacha faili yenye jina linaloanza kwa hs_err_pid, Python ina faulthandler tangu toleo la 3.3, na Go ikipewa GOTRACEBACK=crash huacha kodampu pale mfumo unapoiruhusu. Kanuni ni ileile.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini zaidi, maana hapa tunagusa haki za watu. Kodampu ni nakala ya kila kitu kilichokuwa katika kumbukumbu: nywila zilizoandikwa muda mfupi uliopita, funguo za siri za seva, majina ya wagonjwa na magonjwa yao, namba za simu za wanachama wa Sacco na salio zao. Nimeona faili za namna hiyo zikipitishwa kwa WhatsApp ili mtu wa Nairobi asaidie kuziangalia. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, data binafsi ikifikiwa na asiyeidhinishwa na kukawa na hatari halisi ya madhara kwa mwenye data, anayeidhibiti anatakiwa amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na kodampu inayozunguka kwenye simu za watu haiponi kwa kuitwa faili ya kiufundi. Kwa hiyo faili hizi zisomwe na wachache waliotajwa kwa majina, ziwe kwenye diski iliyosimbwa, zisomewe mahali zilipo badala ya kutumwa, na zifutwe uchunguzi ukiisha. Mwandishi wa programu naye ana wajibu: sehemu za kumbukumbu zinazobeba funguo anaweza kuziondoa kwenye kodampu kwa madvise na MADV_DONTDUMP, jambo ambalo Linux imeliwezesha tangu toleo la 3.4.

Limebaki la miamala. Seva inayopokea taarifa za malipo ya M-Pesa itakufa siku moja katikati ya taarifa, na swali ni imefika wapi. Taarifa iandikwe kwanza kwenye hifadhidata kama ilivyofika, kabla ya hesabu yoyote kufanywa, na namba ya muamala iwe ya kipekee katika jedwali, ili ikirudiwa baada ya seva kuwashwa isimwongezee mwanachama salio mara mbili. Isipofika kabisa, huduma ya kuuliza hali ya muamala ipo na itumike. Bila mpangilio huo, msimamizi anayeiacha programu ife anacheza na fedha za watu, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengi waandike vile vipokea ishara nilivyovikataa.

Ombi langu ni jaribio moja. Chukua seva ya majaribio iliyojengwa sawasawa na ile ya kazi, itumie maombi, na yakiwa yanaendelea iue kwa kill -SEGV. Kisha angalia kama kodampu imeandikwa, na kama imeandikwa pale ulipodhani. Ifungue kwa gdb uone kama unapata majina ya vitendakazi au alama za kuuliza tu. Angalia huduma imechukua muda gani kurudi, arifa imemfikia nani, faili inaweza kusomwa na nani, na malipo ya jaribio yaliyokuwa njiani wakati ule yako wapi. Nimeleta mashine yenye seva ya namna hiyo, na baada ya chai tutaiua hapahapa ukumbini, kwa hiyo wenye kompyuta zao wakae mistari ya mbele ili tuisome kodampu pamoja.